Euro 3,000 za kwenda nazo Bologna

Swali: "Shikamoo dada. Nimemaliza SUA, na sasa nimepata nafasi ya uzamili Chuo Kikuu cha Bologna, masomo yanaanza mwishoni mwa Septemba. Nimeomba na borsa ya mkoa, yaani ufadhili wa masomo, majibu bado. Nikishalipa viza na tiketi nitabaki na kama euro 3,000, na hizo ni baada ya baba kuuza kipande cha shamba. Kwenye makundi ya WhatsApp kila mtu anasema lake. Mmoja anasema euro 400 kwa mwezi zinatosha kwa sababu Italia ni nchi ya jua na vyakula ni rahisi. Mwingine anasema bila 1,000 usithubutu. Ukweli ni upi? Halafu, nibebe unga na dagaa, au vyote vipo huko?" (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Mfikishie baba salamu zangu.

Hao wawili wa WhatsApp wote wamesema kweli, ila kila mmoja amekutajia mwezi wake. Wa 400 anakuhesabia Machi: ana kitanda kwenye bweni la mkoa, anakula mensa, kantini ya wanafunzi, bila kulipa, koti la baridi alishanunua mwaka juzi. Wa 1,000 anaikumbuka Septemba yake, alipolala gesti wiki tatu huku akiandikia wenye nyumba ambao hawajibu. Hesabu yako wewe isiwe ya mwezi. Ifanye ya siku mia moja za kwanza, tangu unaposhuka uwanja wa ndege hadi senti ya kwanza ya borsa inapoingia. Nimekaa hapa Bologna miaka kumi na moja, na karibu sita kati ya hiyo nimekuwa dirishani kwenye CAF, zile ofisi za kuwajazia watu karatasi za kodi na kipato. Wanafunzi wetu niliowaona wakikwama, wengi walikwama Novemba. Aprili sijaona mtu akilia.

Tuanze na borsa, kwa sababu kila kitu kinaizunguka.

Watu wa nyumbani wakisikia "amepata borsa" wanadhani kuna bahasha inakusubiri uwanja wa ndege. Borsa hii hulipwa kwa awamu. Kanuni ya taifa inataka awamu ya kwanza itoke kabla ya mwaka kwisha, lakini mikoa mingine huvuta hadi Februari au Machi. Awamu ya pili kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ina sharti la masomo: uwe umekusanya krediti 20 kufikia Agosti 10. Ukizikosa, na Novemba 30 ikapita bado hujazifikisha, unadaiwa hata ile uliyokwisha kula. Sikutishi. Nataka tu ujue kwamba mtihani wa Januari ni sehemu ya bajeti kama ilivyo kodi ya chumba.

Tena kuna neno utaliona kwenye orodha ya majina: idoneo non beneficiario. Maana yake una sifa, ila fedha zimekwisha. Ukiandikwa hivyo kwa kawaida ada inabaki imesamehewa, lakini fedha mkononi huna, labda orodha isogee baadaye. Kwa hiyo mpaka jina lako lionekane upande wa wanaolipwa, panga maisha kana kwamba borsa haipo.

Sasa jambo ambalo naona hakuna aliyekuambia. Kiasi cha borsa kinategemea umelala wapi, na umelala kwa karatasi gani. Amri ya waziri ya mwaka 2021 iliweka viwango vitatu: mwanafunzi anayeishi mbali na kwao, anayeitwa fuori sede, euro 6,157.74 kwa mwaka. Anayekwenda na kurudi kila siku, 3,598.51, anayeishi mji huohuo wa chuo, 2,481.75. Viwango hivyo hupandishwa kila mwaka kufuata bei za vitu, na sasa cha juu kimeshapita 7,000. Wewe wa Morogoro utadhani ni fuori sede bila mjadala, kuna mbali kuliko huko? Lakini hiyo haitoshi. Lazima uwe na mkataba wa kupanga uliosajiliwa serikalini, usiopungua miezi kumi, au kitanda kwenye bweni la mkoa. Huna karatasi hiyo, unashushwa.

Nimempokea dirishani kijana aliyekuwa analipa euro 280 kwa kitanda, bei ambayo Bologna ni kama kuokota. Mwenye nyumba alimwambia, "Mambo ya mkataba ya nini, sisi ni marafiki." Akafurahi. Masika yake akaja na barua ya borsa, ameandikiwa kiwango cha chini kabisa. Tulipiga hesabu pale pale kwa kalamu na karatasi: kwa kuokoa euro 120 kila mwezi kwa miezi kumi, alikuwa amepoteza zaidi ya 3,500. Aliikunja ile barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaniuliza kama kuna rufaa.

Kwa hiyo unapotafuta chumba, swali la kwanza ni "contratto registrato?", na la bei ni la pili. Kuna aina ya mkataba hasa ya wanafunzi, wa miezi sita hadi thelathini na sita, na mwenye nyumba ana siku 30 za kuusajili mamlaka ya kodi. Wengi wanaukubali kwa sababu nao wanapata nafuu ya kodi. Dipoziti kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu. Bologna wengi hutaka miwili. Ukipitia dalali, ada yake mara nyingi ni kama kodi ya mwezi mmoja, na VAT ya asilimia 22 juu yake. Na usitume hela kwa nyumba ambayo hujaingia, au hujamtuma mtu aingie. Picha za sebule ile ile zenye maua ya njano nimezionyeshwa na watu watatu tofauti, na kila mmoja alikuwa amemtumia "mwenye nyumba" dipoziti.

Bei zenyewe: kitanda kwenye chumba cha watu wawili, wanakiita posto letto in doppia, tegemea 350 hadi 450. Chumba cha peke yako ni 500 hadi 650, na katikati ya mji hata zaidi. Kwa euro 3,000 hiyo ya pili isahau mwaka huu. Tafuta kitanda, na using'ang'anie ndani ya kuta za mji wa zamani. Corticella, San Lazzaro, Casalecchio, kote huko kuna basi au treni ya kukufikisha. Wapo wanaoishi Ferrara na kuja na treni, karibu nusu saa, na kodi kule ni ya chini. Lakini chungulia kwanza tangazo la borsa linasemaje kuhusu umbali, usije ukaokoa huku ukajikata kule.

Halafu soma neno linalofuata bei. Spese incluse, bili zimo. Spese escluse, hazimo, na hapo ongeza 50 hadi 80 kwa kila kichwa, zaidi kidogo majira ya baridi.

Na hapa ndipo hii habari ya nchi ya jua inapowaponza watu. Bologna ipo kwenye bonde la mto Po, mbali na bahari, na kuanzia Novemba ukungu unashuka mpaka huoni taa ya barabarani ya pili. Serikali imeigawa nchi nzima kwa kanda za baridi, A hadi F, tangu mwaka 1993, na kila kanda ina tarehe zake za kuwasha mitambo ya kupasha nyumba joto. Palermo, kule Sicily, wanaruhusiwa Desemba 1 hadi Machi 31, saa nane kwa siku. Bologna iko kanda E: Oktoba 15 hadi Aprili 15, hadi saa kumi na nne kwa siku. Hiyo ni nusu mwaka, mdogo wangu. Anayekuambia Mediterania hakuna baridi ameishi Palermo, au ameona kalenda ya picha.

Kwenye majengo mengi joto ni la jengo zima, na kila redieta ina kifaa kidogo kinachohesabu umetumia kiasi gani. Unalipa makadirio kila mwezi, halafu msimu ukishakwisha inakuja bili ya kusawazisha, wanaiita conguaglio. Mpangaji aliyepita akiwa ameondoka, unaweza ukajikuta unalipia joto aliloota yeye. Siku ya kukabidhiwa chumba piga picha mita zote, ya umeme, ya gesi, ya maji, na tarehe ionekane.

Mimi mwenyewe majira yangu ya kwanza nilijifanya mjanja. Redieta ya chumbani ilikuwa vuguvugu, basi nikanunua hita ya umeme dukani kwa euro 25 na kuiwasha usiku kucha. Bili ya umeme hapa kwa kawaida huja baada ya miezi miwili. Februari ilipokuja ilikuwa 260, na nyumbani tulikuwa wanne tunagawana sawa. Wenzangu hawakusema neno, ila kwa wiki mbili nilikuwa nikiingia jikoni wao wanatoka. Bili hiyo ilikuwa kama mara kumi ya bei ya hita, ndiyo hesabu yake.

Umeme wenyewe wa nyumba nyingi ni kilowati tatu tu. Ukiwasha oveni, mashine ya kufua, na mwenzako akapiga nywele drai, pap, giza. Unashuka ngazi hadi kwenye mita, chini kabisa, kuirudisha swichi. Kwenye nyumba yetu ya ghorofa ya nne bila lifti tulijifunza haraka sana kuulizana kabla ya kuchemsha chai. Nyumba zenye maji ya moto ya boila ya umeme ndizo mbaya zaidi; uliza hilo unapokagua chumba.

Chakula ndipo penye nafuu ya kweli, ukikubali kula Kiitaliano kwa macho ya Kiswahili. Ugali upo. Wao wanauita polenta, na kwenye rafu utakuta magunia madogo ya unga wa mahindi, mwingi wa njano. Usichukue wenye maandishi bramata, huo ni chenga, utadhani unapika uji wa mchanga. Tafuta fioretto, au ulio laini zaidi wanaouita fumetto. Mweupe pia upo, kwa sababu watu wa Veneto, mkoa jirani, polenta yao ya asili mara nyingi ni nyeupe; andiko ni mais bianco. Usinunue ile ya kuchemka dakika tano, imeshapikwa kiwandani na haishikani. Kwa 180 hadi 200 kwa mwezi unakula vizuri, si kwa kujinyima, mradi upike.

Maharage ya borlotti yakiwa makavu yanapikika kama ya kwetu. Bietola ni mboga ya majani nzuri ya kukaanga na kitunguu na nyanya, na cavolo nero ukiikata nyembamba sana mtu wa Nairobi ataiita sukuma wiki bila kubisha. Samaki wengi ni ghali, ila alici, vidagaa vya bahari vibichi, ni vya bei ya chini. Mchele usinunue arborio, ule ni wa risotto, umeumbwa ugandane. Chukua basmati au parboiled. Supamaketi zako ni Eurospin na Lidl. Coop na Conad ni za kwenda siku ya ofa. Ukichukua matunda unayapima mwenyewe na kubandika kile kikaratasi cha bei, na mfuko mwepesi unaoweka matunda nao unalipiwa senti kadhaa, ni sheria tangu 2018, kwa hiyo usishangae risiti ikiwa na kitu usichokumbuka kukichukua.

Kwa vitu vya kwetu nenda Bolognina, nyuma ya stesheni kuu. Ndizi za kupika, mihogo, bamia, mawese, viungo, vyote kwa Wapakistani, Wabangladeshi na Wanigeria wa mtaa ule. Bei si ya Soko Kuu la Morogoro. Ndizi mzuzu tatu nilizonunua mwezi uliopita zimenigharimu kuliko chakula cha mensa. Hizo ziwe za sikukuu.

Na mensa ni rafiki yako. Ni kantini ya wanafunzi: sahani ya tambi, nyama au jibini, mboga, mkate, tunda, na bei yake hupangwa kwa kipato cha familia. Wenye borsa mara nyingi hukatwa humo humo kwenye borsa, kwa hiyo si bure kama wanavyosema, ila hutoi hela mfukoni. Kula pale mchana, pika usiku.

Kahawa, ikiwa umeanza tabia hiyo: kunywa umesimama kaunta, euro moja na senti. Ukikaa mezani bei inapanda, na mgahawani utaona coperto kwenye bili, hela ya kukaa tu na kuletewa mkate. Hawakuibii, imeandikwa kwenye menyu. Mimi iliniuma mwaka mzima.

Karatasi nitazipitia upesi. Kibali cha kuishi unakiomba ndani ya siku nane za kazi tangu uingie, kwa kujaza furushi la fomu posta. Stempu ya serikali ni euro 16, ya posta 30, na malipo ya kibali chenyewe cha hadi mwaka mmoja 70.46. Jumla 116.46. Kadi itachukua miezi. Risiti ya posta ndiyo kitambulisho chako mpaka hapo, itoe kivuli na uilinde. Namba ya kodi, codice fiscale, ni bure, na mtu akitaka hela ya kukutafutia mkatalie. Laini ya simu, 8 hadi 10 kwa mwezi na bando la kutosha.

Bima ya afya ina mtego mmoja. Tangu 2024, mwanafunzi wa kigeni anayejiunga na huduma ya afya ya taifa analipa 700 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya 150. Na mwaka wao ni wa kalenda. Ukilipa Oktoba, Desemba 31 imekwisha, na hawarudishi. Ukiwa mzima huna ugonjwa wa kudumu, anza na bima binafsi ya wanafunzi, ambayo ni mia na kitu kwa mwaka na inakubalika kwenye kibali. Inahudumia dharura na vichache vingine. Mwenye pumu, kisukari au sikoseli asifuate ushauri huu, alipe 700, na afadhali alipe Januari.

Ada: kwa familia ambayo kipimo chake cha kipato, ISEE, hakivuki 22,000, chuo cha umma hakikutozi mchango wa masomo, unabaki na kodi ya mkoa, kama 140 hivi, na stempu. Lakini hicho kipimo ndicho kinachotaka karatasi za baba na mama, kipato, nyumba, akiba, vyote vimetafsiriwa na kugongwa muhuri wa ubalozi. Zikamilishe kabla hujapanda ndege, tafadhali. Kila msimu nakutana na mtu anayemtuma mjomba aende Dar mara tatu kufuatilia muhuri mmoja, na nauli za mjomba zikijumlishwa zinapita tafsiri yenyewe. Na lile shamba alilouza baba, weka hati yake ya mauzo pamoja. Wakiuliza hela ilitoka wapi, uwe nayo.

Sasa hesabu yako. Nimechukulia unafika Septemba ikiwa imebaki wiki tatu, unapata kitanda cha 400 kuanzia Oktoba, na borsa haijatoka mpaka mwaka uishe. Wiki tatu za hosteli ya wasafiri kwa 35 kwa usiku ni 735. Dipoziti ya miezi miwili, 800. Kodi Oktoba hadi Desemba, 1,200. Bili za miezi hiyo, 180. Kibali, 116. Malipo ya kwanza ya chuo, tuseme 157. Bima, 120. Koti, viatu, duveti na sufuria mbili, 150. Chakula cha miezi mitatu kwa 200, 600. Simu, 30. Basi, 100. Inafika 4,188, na hapo Septemba ya hosteli nimekuhesabia kama unakula kwa vijisenti vilivyobaki. Una 3,000. Pengo ni kama 1,200.

Pengo hilo linazibika, ila si kwa kula kidogo. Anayejinyima chakula anaokoa 40 kwa mwezi na kuugua Desemba. Vipande vikubwa ni vitatu: hosteli, dipoziti na tarehe ya borsa.

Hosteli ikate kabisa ukiweza. Omba bweni la mkoa. Hapa shirika linaitwa ER.GO, na maombi ya kitanda yana tarehe yake ambayo huwa mapema kuliko unavyodhani, angalia leo usiku, usingoje kesho. Ukikosa, tafuta Watanzania na Wakenya wa hapa kabla hujafika. Watu wamelala kwenye godoro la sebule yangu, na mimi nililala la wengine. Mchango wa chakula, kuosha vyombo, na kuondoka siku uliyosema utaondoka, hiyo ndiyo kodi yake. Peke yake hiyo inakuokolea 600 hivi.

Dipoziti inajadilika. Wapo wenye nyumba wanaokubali mwezi mmoja sasa na mmoja Januari, hasa ukionyesha barua ya maombi ya borsa. Iandikwe kwenye mkataba. Na kumbuka hela hiyo si ya kufidia kodi ya miezi ya mwisho. Wengi huirudisha miezi miwili baada ya kuondoka, na wachache hutafuta alama ukutani za kukukata.

Koti usilinunue duka la stesheni. Ijumaa na Jumamosi kuna mnada wa Piazzola, uwanja wa Piazza VIII Agosto, na humo kuna meza za mtumba. Kama umezoea kuchambua mtumba wa soko la Mawenzi, hapa utajisikia nyumbani, mikono inazama hadi kwenye viwiko, unavuta, unanusa, unarudisha. Koti la sufu nililobahatika nalo kwa euro 15 lipo mpaka leo. Viatu nunua vipya, visivyopitisha maji.

Kazi: kibali cha mwanafunzi kinaruhusu saa 20 kwa wiki, zisizidi 1,040 kwa mwaka. Usiiweke kwenye bajeti ya mwaka huu. Bila Kiitaliano utaambulia kuosha vyombo usiku, na ukirudi saa nane za usiku zile krediti 20 zinakukimbia. Jifunze lugha mpaka Februari kwanza. Baada ya hapo, kazi za maktaba na ofisi za chuo, zile za saa 150, hutangazwa kwa wanafunzi, na hizo zigombanie.

Kuna mstari mmoja ambao hakuna bajeti ya mtandaoni inayouandika: nyumbani. Borsa ikiingia Desemba, habari itafika Morogoro kabla ya hela kufika benki. Utaongezwa kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu, ahadi zinasomwa hadharani, na jina lako litakuwa juu kabisa kwa sababu upo Ulaya. Mimi nilitoa euro 200 mwaka wa kwanza kwa aibu, nikala polenta kavu wiki mbili. Kaa na baba kabla ya safari, mweleze awamu za borsa zilivyo, na mkubaliane kiasi, hata kama ni euro 10 kwa mwezi, ambacho kitapita kwake yeye. Anayetaka zaidi aongee na mzee. Baba aliyeuza shamba atakulinda vizuri kuliko unavyoweza kujilinda kwa ujumbe wa simu.

Unga acha, kilo zako za mizigo zina kazi nyingine, na fioretto nimeshakuambia. Nyama na maziwa usijaribu kabisa, hata kipande kikavu alichokufungia bibi. Umoja wa Ulaya hauruhusu na watakitupa mbele yako. Matunda mabichi nayo yanataka cheti, isipokuwa machache kama nanasi, nazi na ndizi. Ila samaki mkavu anaruhusiwa, hadi kilo 20 kwa abiria, kwa hiyo dagaa beba. Kilo mbili zinatosha hadi Pasaka. Wafunge kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, mbali na nguo. Ukishafika, wakaange mchana wenzako wakiwa darasani, mlango wa jikoni umefungwa na dirisha wazi, hata kama nje ni digrii mbili.